Tulivyokwenda Chicago Kumkanda Asya

Nyote mmeniuliza. Wengine mmekuja mpaka mlangoni, wengine mmetuma sauti kwenye simu, na Bi Zawena wa Al Nahda alinisimamisha mbele ya duka la mboga akanambia, "Mbona umerudi kimya? Picha ya mjukuu iko wapi?" Nilichukua bamia zangu nikaondoka, na najua amekasirika. Basi naandika mara moja, msome nyote, halafu asiniulize mtu tena. Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Nikikosea, rekebisheni wenyewe mnaposoma.

Mambo ya viza na tiketi siyaandiki. Yalikuwa marefu na yamekwisha.

Mnajua nilikwenda kufanya nini. Miaka yote hii hapa Deira mkijifungua mnaniita mimi. Nimekukandeni kwa maji ya moto, nimekufungeni matumbo, nimekupikieni uji wa pilipili manga mkaunywa huku mnanitukana. Safari hii zamu ilikuwa ya mwanangu mwenyewe. Asya, binti yangu wa pekee, yuko Chicago na mumewe Athmani, kijana wa Mombasa anayeendesha malori. Mimba ya kwanza, nayo imeingia mwezi wa nane. Nilitaka nifike mapema nimkute bado mzito, nimpokee mtoto, nikae mpaka arubaini itoke. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Picha ya mjukuu hatukurudi nayo kwa sababu mjukuu hatukumwona. Nimeshalisema. Sasa someni taratibu.

Muraqqabat mpaka uwanja wa ndege

Baridi ya kule tuliambiwa na kila mtu, na hatukuamini. Mtu aliyezeekea Dubai baridi anayoijua ni ya kiyoyozi. Nilikwenda Al Rigga kununua koti, Mhindi wa dukani akanitolea moja jekundu, zito kama godoro. Nikalivaa palepale, jasho likanitoka mpaka miguuni.

"Hili litaniua kabla sijafika," nikamwambia.

"Mama, ukifika utaniombea dua," akasema.

Mzee wangu hakununua. Suleiman ni dereva wa nyumba moja ya Waarabu tangu hajaota mvi, na arbab wake, huyo tajiri anayemwendesha, alimpa ruhusa ya mwezi mmoja pamoja na koti lake mwenyewe, alilokuwa akisafiria Ulaya. Arbab ni mtu mrefu. Koti lilimfika Suleiman visiginoni.

"Umekuwa kama hema," nikamwambia.

"Hema lina watu ndani," akasema. "Mimi humu niko peke yangu."

Kwenye begi langu mlikuwa na hulba, yaani uwatu, pilipili manga, tangawizi kavu, samli chupa mbili, mafuta ya nazi, na doti nne za khanga za kumfunga tumbo. Nguo ya mtoto sikuchukua hata moja. Sisi mtoto hatumnunulii kabla hajaja. Asya yeye alikuwa ameshanunua kila kitu. Alinitumia picha, kitanda kimefungwa, vinguo vimepangwa kwa rangi, na ukutani pametundikwa mawingu ya vitambaa. Nilimpigia nikamgombeza.

"Mama, huku wote wanafanya hivi," akasema.

"Wote si wanangu," nikamjibu. Maneno hayo nayakumbuka vizuri. Ndiyo ya mwisho tuliyosema kabla ya safari.

Mji ambao haukuwa wetu

Ndege ilikaa angani saa kumi na nne na zaidi. Tulipokaribia, rubani akasema Chicago kuna dhoruba ya theluji, hapatuliki. Tukapelekwa mji mwingine, jina lake mpaka leo silitamki sawasawa. Tukatua asubuhi, tukafungiwa ndani ya ndege kwa muda wa saa nne, halafu tukateremshwa tukapange foleni ya kuingia nchini mwao palepale.

Mtu wa forodha alikuwa jitu lenye kipara. Akafungua begi langu, akatoa mfuko wa pilipili manga, akanusa, akapiga chafya tatu. Akauliza ni nini. Suleiman ana Kiingereza cha barabarani, anajua kushoto, kulia na ngoja hapa. Pilipili ya uzazi hakuweza kuieleza.

"Mwambie ni ya mzazi," nikasema.

"Nimemwambia ya mzazi, anadhani ni ya mama yangu."

Nikachoka. Nikamsogeza mume wangu, nikajichorea tumbo kubwa kwa mikono, kisha nikabeba mtoto wa hewa nikambembeleza. Yule mtu akacheka, akamwita mwenziwe, wote wawili wakanipa mkono.

"Wanakupa hongera," Suleiman akanambia.

Nikaipokea, na nikafurahi. Saa ile mtoto alikuwa ameshafariki tumboni mwa mamake, tangu sisi tulipokuwa angani, na mimi nimesimama pale na samli zangu napokea hongera.

Tukawekwa kwenye ukumbi, tukaambiwa hakuna ndege mpaka theluji itulie. Niliomba chai ya maziwa. Nikapewa bilauri ya karatasi yenye maji ya moto, kifuko cha majani kinaning'inia kwa uzi, na maziwa baridi pembeni kwenye kidude kama cha dawa ya macho. Nikasema hii si chai, hii ni kazi nimepewa. Suleiman hakucheka. Alikuwa ameshachukua simu kwenda dirishani, kumwambia Athmani kuwa tumechelewa.

Nikasikia mtu nyuma yangu, "Mama, munasema Kiswahili?"

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sare ya buluu, anasukuma kiti cha magurudumu kitupu. Jina lake Furaha. Alitoka Uvira, Congo, na kazi yake hapo ni kusukuma wagonjwa na wazee. Aliponiona nimevaa viatu vya wazi na soksi za dukani hapa Deira, akapiga kelele.

"Mama, vidole vitakatwa! Ni nani aliwaleta hivi?"

"Tumejileta wenyewe."

Akaenda, akarudi na soksi za sufu za kwake, akapiga magoti akanivika mwenyewe kama mtoto. Nikaona haya, mtu nisiyemjua. Akaniuliza tunakwenda kwa nani, nikamweleza. Akafurahi, akaniombea kwa Mungu wake. Halafu akatazama dirishani.

"Mama," akasema, "papa iko analia kule."

Nikageuka. Suleiman amesimama kwenye kioo, ametupa mgongo, koti la arbab limemfunika mpaka chini. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Ana mtoto wa jicho," nikamwambia Furaha. "Macho yake yanatoka maji."

Furaha alinitazama. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Mimi pia si mjinga. Niliona kama alivyoona yeye. Sikuuliza kwa sababu nilijua nikiuliza nitajibiwa.

Suleiman akarudi, akakaa. Nikamuuliza, "Athmani anasemaje?" Akasema, "Anasema tusiwe na wasiwasi, watatupokea." Nikamsogezea ile chai. Akainywa yote, na alikuwa hajawahi kunywa chai isiyo na sukari maishani mwake.

Basi la saa sita

Kesho yake ndege bado. Kampuni ikatuweka kwenye basi twende kwa barabara. Saa sita kwenye basi, na nje hakuna kitu isipokuwa weupe. Mashamba meupe, mapaa meupe, hata farasi niliyemwona amesimama alikuwa na weupe mgongoni. Pembezoni mwa barabara gari kubwa lilikuwa linamwaga chumvi.

"Chumvi yote hiyo chini?" nikasema. "Watu wana israfu hawa."

"Inayeyusha barafu," Suleiman akasema.

"Nani kakwambia?"

"Arbab."

Hayo ndiyo maneno tuliyosema njia nzima. Saa ya tatu hivi aliingiza mkono wake ndani ya mfuko wa koti langu, akaushika mkono wangu humo ndani. Suleiman si mtu wa mambo hayo mbele za watu. Nilimwachia mkono, nikaendelea kutazama nje.

Tulipoteremka, upepo wa mji ule ulinipiga usoni kama mtu aliyenikusudia. Athmani alikuwa anatusubiri kituoni, peke yake. Akaja, akaubusu mkono wangu, hakuuachia.

"Mama, pole sana. Pole, mama."

"Pole ya nini?"

Akamtazama Suleiman. "Baba, kwani hukumwambia?"

Suleiman akatazama viatu vyake.

Nikasema, "Asya yu hai?"

"Asya yu hai, mama. Yuko hospitali, kesho wanamtoa. Mtoto ndiye aliyetutoka. Msichana. Tulimzika leo asubuhi na watu wa msikiti, ardhi imeganda ikabidi ichimbwe kwa mashine. Asya alimpa jina Rahma."

Nikasema, "Alhamdulillahi," kwa sababu mwanangu yu hai, na ndivyo ninavyosema siku zote. Athmani akatazama pembeni. Nimefikiri baadaye, huenda hakusikia kuwa nashukuru kwa ajili ya mkewe. Huenda alisikia nashukuru tu.

Ghorofa ya tatu

Nyumba yao iko ghorofa ya tatu, ngazi za mbao, na ndani kuna bomba la mvuke linalogonga kama mtu anaomba kufunguliwa. Athmani alitupikia wali na mchuzi wa kuku, kijana wa watu. Njiani alikuwa ametuonyesha maduka, na kwenye kona moja sanduku kubwa la chuma ambalo watu hutia nguo za sadaka. Sikuuliza mengi. Nilikuwa nafikiria kazi iliyo mbele yangu.

Kazi yenyewe mnaijua. Mzazi aliyepoteza, kabla hajavuka mlango wake, wakubwa hutangulia nyumbani wakaondoa kila kitu. Kitanda, nguo, nepi, mafuta, hata harufu. Akiingia asikute. Na asitajiwe. Akilia anaambiwa khalas, yamekwisha, Mungu atakupa mwingine, na anayetaja anakonyezwa. Wawili kati yenu mnaosoma hapa nimekufanyieni hivyo kwa mikono yangu, na nilidhani nimekufanyieni wema.

Nami nilifanyiwa. Wachache mnajua kuwa kabla ya Asya nilizaa mtoto wa kiume, hapahapa Deira, akafa siku ileile. Nikiwa bado kitandani hospitali, Suleiman na wanaume wawili wakaenda kumzika, na mama mkwe wangu akaisafisha nyumba. Niliporudi nilikuta sakafu inang'aa. Hakuna aliyemtaja, nami sikumtaja, na baada ya mwaka mmoja na kitu nikamzaa Asya. Nikaona ile ndiyo dawa.

Basi kesho yake Athmani alipokwenda kazini kuomba ruhusa, apitie na hospitali kumchukua mkewe, mimi nikafunga khanga kiunoni. Nilikitoa kitanda kizima, nikakikunja nyuma ya mlango. Mawingu nikayateremsha ukutani. Vinguo vyote nikavitia kwenye mfuko mweusi. Juu ya kabati dogo palikuwa na boksi la kijivu lenye utepe. Nikadhani ni zawadi ya mtu kwa mtoto. Sikulifungua, mimi si mtu wa kufungua mizigo ya watu. Nikalitia kwenye mfuko pamoja na vingine.

Suleiman alisimama mlangoni ananitazama.

"Si ungoje Asya aseme mwenyewe?" akaniuliza.

"Aseme nini, na maziwa yanamjaa kifuani? Yalla, peleka kwenye lile sanduku la sadaka. Angalau mtoto wa watu avae."

Akaubeba mfuko, akateremka na koti lake la hema, anashikilia ukuta asiteleze. Nikapiga deki. Nikachemsha maji. Nikaweka hulba jikoni.

Asya aliingia saa saba mchana. Alikuwa amevimba uso, anatembea kama anayekanyaga vioo. Nilimkumbatia. Hakulia. Alinitoa mikono taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye kile chumba. Akasimama katikati.

"Boksi liko wapi?" akasema.

Nikasema, "Mwanangu, usitazame, njoo ukae, maji yamechemka."

"Athmani. Boksi ulilileta, liko wapi?"

"Niliweka juu ya kabati," Athmani akasema.

Asya akanigeukia. "Mama?"

Nikamwambia. Nilimwambia kama ninavyokwambieni, kwamba nimevitoa sadaka asiumie.

Boksi lile alipewa hospitali. Kumbe kule mtoto akizaliwa amekufa, wauguzi humwosha, humvika kofia ya sufu, humpaka wino miguuni wakaikanyagisha kwenye karatasi, halafu vyote humpa mama akavihifadhi. Rahma hakupigwa picha, Athmani alikataa. Ile karatasi na ile kofia ndiyo yote aliyokuwa nayo mwanangu.

Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Aliketi kwenye sakafu niliyokuwa nimeipiga deki, akasema, "Sikumshika sana, mama. Nilijua boksi liko. Nikasema nitamshika nyumbani."

Ghala

Athmani alikimbia mpaka kwenye sanduku. Lina mdomo wa kuingiza tu, wa kutolea umefungwa kwa kufuli. Alijaribu kuingiza mkono mpaka bega, akachubuka. Kuna nambari imeandikwa ubavuni, akapiga, akaambiwa gari la kukusanya limepita saa moja iliyopita na nguo zimeshakwenda ghalani. Akapiga na hospitali. Wakasema karatasi ni ileile moja, hawabaki na nyingine.

Tukaenda ghalani wote wanne. Nilimwambia Asya akae nyumbani, mzazi wa siku tatu hatoki kwenye baridi. Akanambia, "Usiniambie la kufanya leo."

Ghala lile ni kubwa kuliko soko. Nguo zimelundikwa mpaka juu, na wanawake wamesimama kwenye meza ndefu wanachambua. Msimamizi alikuwa mzee mwembamba wa Kimarekani. Mwanzo alikataa, sheria ya kazi. Kisha akamwona Asya. Maziwa yalikuwa yamempenya mpaka nje ya koti, madoa mawili. Mzee yule akavua miwani, akaita watu wake, akasema nao. Wakasimamisha mashine.

Tulitafuta saa mbili na nusu. Mimi nilipiga magoti kwenye mafungu ya nguo za watoto. Sijapata kuona vinguo vingi namna ile. Kila kimoja nilikigeuza. Magoti yangu mnayajua yalivyo. Suleiman alikuwa upande wa pili, amelivua lile koti, amebaki na kanzu na sweta, anachambua kimyakimya kama mtu anayechagua mchele. Tuliupata mfuko mweusi. Umepasuka, nusu ya vitu vimo, nusu vimechanganyika. Boksi tulilipata limefunguka, limekanyagwa. Ndani hamna kitu.

Wale wanawake waliacha kazi zao wakatafuta nasi. Mmoja, sijui wa nchi gani, hatukuwa na lugha hata moja kati yetu, akanijia ameshika kofia ya sufu, nyeupe, ndogo ya kuingia kwenye konzi. Akaninyooshea. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikampelekea Asya kwenye kiti. Sikuweza kusimama vizuri, nilikwenda nusu natambaa.

"Ndiyo hii?"

Aliishika. Akaigeuza ndani na nje. Akanitazama mimi pale chini.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo hii. Inuka."

Karatasi haikupatikana. Msimamizi alichukua namba ya Athmani, akasema ataendelea kuangalia. Alipiga mara mbili wiki ile kusema bado, na tangu hapo hakupiga tena.

Siku zilizobaki

Siku nne hakunisemesha ila salamu. Hulba nikipika, inapoa mezani. Suleiman ndiye aliyekaa naye. Baba na binti wanatazama theluji dirishani, na siku moja nilimsikia akimsimulia namna arbab alivyomfundisha kuendesha gari mchangani mpaka wakafukiwa wote wawili. Asya akacheka kidogo. Mimi nilikuwa jikoni, nikazima maji nisikie vizuri.

Siku ya tano alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa jikoni, ameshika kifua.

"Mama, nina homa. Kinauma."

Nikamlaza. Nikamkanda kwa maji ya moto, kiuno, mgongo, nyonga, kama nilivyokukandeni ninyi. Kifua nikakifunga kwa khanga. Mikono yangu inajua kazi hii hata nikiwa usingizini, lakini siku ile ilikuwa inatafuta pa kushika. Mnajua ninapokanda husema nini. Husema mtoto huyu atakuwa na nguvu, mtoto huyu atanyonya vizuri. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Uso wake ulikuwa ukutani. Akasema, "Wewe ulifanyaje, mama? Kwa yule wa kwanza?"

Nilidhani hajui. Kumbe babake alimwambia zamani.

"Sikufanya kitu," nikamjibu.

"Alikuwaje?"

"Sikumwona."

"Jina lake?"

Nikaendelea kukanda. Akangoja. Mwishowe nikasema, "Sijui kama alipewa." Akageuka akanitazama, na macho yale sitayasahau, kwa sababu hayakuwa na hasira tena. Alikuwa ananionea huruma, mimi.

Tangu siku hiyo uji aliunywa. Tulikwenda kaburini mara moja, jua lilipotoka. Athmani alihesabu kutoka kwenye uzio, akasafisha theluji kwa mikono, tukasimama. Asya aliivaa ile kofia kwenye ngumi yake ndani ya mfuko. Mimi sikusema khalas.

Tulipoaga, begi zimeshateremshwa, akanivuta chumbani.

"Nikwambie kitu, usikasirike."

"Sema."

"Ile kofia sijui kama ni yake. Kule ghalani zilikuwepo nyingi. Nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa chini unatambaa."

Alinifungia kola ya koti jekundu mpaka kidevuni, akanibusu kichwani, kama mimi ndiye mtoto.

Kurudi Deira

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata dakika. Tulitua Dubai mchana, jua kali, na mimi bado nina soksi za Furaha miguuni. Tulichukua teksi. Dereva Mpatani, mtu wa Pakistani, hajui neno la Kiswahili, ametia redio yake. Barabara ya kuingia Deira ikafunga, magari hayaendi.

Nilikuwa nimetazama dirishani. Nikasema bila kugeuka, "Yule mtoto wetu wa kwanza, alimbeba nani?"

Suleiman hakuniuliza mtoto gani.

"Nilimbeba mimi," akasema. "Kwenye gari la arbab. Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha, hakukubali niendeshe. Nilimpakata."

"Alikuwa mzito?"

"Kama mkate."

"Alikuwaje?"

Akafikiri. Au hakufikiri, alikuwa nayo tayari. "Nywele nyingi, mpaka kwenye masikio. Sikio moja limejikunja kwa juu, kama la kwako. Nililikunjua, likajikunja tena. Nikalikunjua, likajikunja tena. Arbab akanambia muachie, ndivyo alivyoumbwa."

Teksi ikasogea kidogo, ikasimama.

"Mbona hukunambia?"

"Mama yangu alisema nisikutajie mpaka uulize."

Tukafika Muraqqabat, mlangoni kwetu. Dereva akasema khalas, tumefika, akatoka kushusha mabegi. Hakuna aliyefungua mlango. Nikamuuliza la mwisho.

Anaitwa Nassor. Miaka thelathini na nne nimelala kitanda kimoja na mtu anayelijua jina la mwanangu, na sikulijua, kwa sababu sikumuuliza.